Kumwinua Mgonjwa Mahututi Si Ukatili

Katika ukurasa wetu wa mwezi huu napenda tuzungumzie jambo ambalo mara kwa mara huleta maneno kati yetu sisi wauguzi na ninyi mnaokuja kuuguza. Mgonjwa wenu amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Ana mpira puani, ana dripu mkononi, anapumua kwa msaada wa oksijeni au wa mashine. Mnafika saa ya kuona wagonjwa, na badala ya kumkuta amelala mnamkuta ameketishwa ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, wauguzi wawili wamemshikilia huku na huku. Hapo ndipo maneno huanza. "Sista, huyu mtu juzi alikuwa anakata roho, leo mnamkalisha? Kwani hamna huruma?"

Nimeyasikia maneno hayo miaka mingi, tena kutoka kwa watu wema wenye mapenzi ya kweli kwa mgonjwa wao. Siwalaumu. Sote tumelelewa hivyo, kwamba mgonjwa kazi yake ni kulala. Anayeugua sana hufunikwa blanketi, hulishwa kwa kijiko, na watoto hufukuzwa uani wasipige kelele. Hata hivyo msimamo wangu ni huu: mgonjwa mahututi ambaye hali yake imeshatulia, akiachwa alale chali siku baada ya siku, tunamdhuru. Na kumwinua mapema ni kazi ya muuguzi sawasawa na kumpa dawa kwa saa zake. Si jambo la kungojea siku ambayo wodi ina nafasi.

Kitanda nacho huumiza

Jambo hili si jipya. Mwaka 1947 daktari mmoja wa London, Richard Asher, aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza akionya juu ya hatari za kumlaza mgonjwa kitandani bila sababu. Wakati huo hata mama aliyejifungua salama alilazwa siku nyingi, na aliyepasuliwa ngiri alikatazwa kukanyaga chini. Leo hakuna anayeshangaa kumwona mama aliyejifungua kwa upasuaji akitembea kesho yake ukumbini huku ameshika tumbo. Lakini kwa mgonjwa mahututi bado tunafikiri kama watu wa mwaka 1947.

Yeyote aliyewahi kufungwa plasta ngumu kwa ajili ya mfupa uliovunjika anajua. Siku plasta inapokatwa, mguu unatoka umekonda, ngozi inaning'inia. Huo ni mguu mmoja wa mtu mwenye afya. Sasa mfikirie mgonjwa ambaye mwili mzima umelala, tena ana homa kali, vijidudu vimeingia kwenye damu, na hali vizuri. Mwili wake huanza kula misuli yake wenyewe. Mwaka 2013 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa mahututi 63 msuli wa mbele ya paja. Katika siku 10 tu msuli ule ulikuwa umepungua karibu asilimia 18, na waliopungukiwa zaidi ni wale ambao viungo kadhaa vya ndani vilikuwa vimeshindwa kufanya kazi. Huo msuli wa paja ndio unaotuinua kutoka kwenye kigoda.

Msuli wa kupumulia nao haukusalimika. Kati ya kifua na tumbo kuna kiwambo, msuli mpana unaovuta pumzi. Mashine ikifanya kazi yote ya kupumua, kiwambo hukaa bure. Watafiti wa Marekani walionyesha mwaka 2008 kwamba kiwambo kilichopumzishwa kabisa na mashine kwa saa 18 hadi 69 kilikuwa na nyuzi zilizopungua unene kwa zaidi ya nusu. Ndiyo maana utakuta mgonjwa mapafu yamepona, homa imekwisha, lakini kila tukijaribu kumtoa kwenye mashine anashindwa. Ugonjwa umeondoka, nguvu nazo zimeondoka.

Mengine mnayajua: vidonda vya kulalia mgongoni na visiginoni, kohozi linalotuama kifuani hadi likaleta nimonia, damu inayoganda kwenye mishipa ya miguu na kipande chake kuweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua mtu ghafla. Lakini liko moja ambalo familia huliogopa kuliko yote, nalo ni kuweweseka. Baba mtu mzima, mwalimu mstaafu, anaanza kuona nyoka ukutani, anamwita mkewe kwa jina la dada yake, anang'oa dripu. Ndugu hunong'onezana kwamba amerogwa, na wengine hutaka kumtoa hospitalini usiku ule ule. Hajarogwa. Ubongo wa mgonjwa mahututi huvurugika kwa homa, kwa dawa za usingizi, kwa kukosa usingizi wa kweli, na kwa kulala chali akitazama dari bila kujua kama ni mchana au usiku. Kumketisha atazame dirishani ni sehemu ya tiba yake.

Yaliyoonekana kwa vipimo

Vyumba vya wagonjwa mahututi tulivyo navyo leo vilianzia katika mji wa Copenhagen, Denmark. Mwaka 1952 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, uliwakumba watu wengi mno pale, na mashine hazikutosha. Daktari Bjørn Ibsen akapitisha mpira kwenye koo za wagonjwa, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapeana zamu kuminya mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Wengi wa wagonjwa wale walikuwa macho. Baadaye, mashine zilipozidi na dawa za usingizi zikawa rahisi, ndipo ikawa desturi kumlaza mgonjwa wa mashine usingizi mzito hadi apone. Kwa hiyo huo usingizi mzito mnaouona si sheria ya tangu zamani. Ni mazoea.

Mazoea hayo yalipimwa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 104 wa Marekani waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Wote walipunguziwa dawa za usingizi kila siku ili waamke. Nusu yao wakaanzishwa mazoezi tangu siku za mwanzo kabisa: kukunja viungo, kuketi, kusimama, kujilisha, kutembea. Wengine walifuata utaratibu wa kawaida. Siku ya kutoka hospitalini, asilimia 59 ya wale walioanzishwa mapema waliweza kutembea, kuoga, kuvaa, kula na kwenda chooni wenyewe. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 35. Tena waliweweseka muda mfupi zaidi, siku 2 badala ya 4. Na utafiti mwingine wa wagonjwa 200 huko Chicago, uliochapishwa mwaka 2023, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja walioinuliwa mapema walikuwa na akili timamu zaidi: waliobaki na upungufu wa kumbukumbu na fikra ni asilimia 24, wakati kwa wengine walikuwa asilimia 43.

Msiseme basi tuwakimbize wagonjwa kama askari wa gwaride. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa wagonjwa 750 katika nchi kadhaa ulilinganisha mazoezi mengi na mazoezi ya kawaida. Waliofanyishwa mengi, kama dakika 21 kwa siku, hawakupata nafuu kuliko waliofanya kama dakika 9. Tena waliopatwa na matatizo, kama vile mapigo ya moyo kuvurugika au presha kushuka, walikuwa asilimia 9 badala ya 4. Wako waliosoma habari hiyo wakasema, "Mnaona? Waacheni walale." Mimi naisoma vingine. Makundi yote mawili yaliinuliwa. Hapakuwa na kundi lililoachwa lilale tu. Kinachofundishwa pale ni kiasi, na kiasi ndicho muuguzi anayekaa na mgonjwa saa nane za zamu anachoweza kukipima.

Hali kadhalika wapo wagonjwa ambao hatuwagusi. Mwenye pepopunda huhitaji giza na utulivu, maana mguso mdogo tu humletea mkazo wa mwili mzima. Mwenye uti wa mgongo uliovunjika na haujafungwa vizuri, mwenye uvimbe mkali wa ubongo, aliyeangukiwa na presha na bado anapandishiwa dawa kila nusu saa, anayetoka damu: hao wasubiri. Aliyepata kiharusi pia tunakwenda naye taratibu katika saa 24 za kwanza. Utafiti wa mwaka 2015 wa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kiharusi ulionyesha kwamba kuwainua mapema mno na mara nyingi mno kuliwapunguzia nafasi ya kupona vizuri. Mnapotuona tunamwinua mmoja na kumwacha jirani yake, si upendeleo.

Namna tunavyofanya

Kazi huanza kabla mgonjwa hajafumbua macho. Tunamgeuza kila baada ya saa mbili, tunainua kichwa cha kitanda, tunamkunja na kumnyoosha vidole, viwiko, magoti na nyayo. Akianza kuamka tunamwambia, "Baba, nibane mkono. Nyanyua kidole gumba." Akiweza kufuata maneno, hatua inayofuata ni kuketi. Tunatazama kwanza presha, mapigo ya moyo, pumzi, na kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni. Mmoja wetu kazi yake ni mipira na nyaya tu, asiguse kitu kingine. Mwingine anamshika kiwiliwili. Tunamgeuza ubavu, tunashusha miguu, tunamwinua. Anaketi dakika mbili, tatu. Akitoka jasho jembamba, akipauka, au oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88, tunamrudisha. Kesho dakika tano. Keshokutwa anasimama, anapiga hatua mahali pale pale, kisha hatua tatu hadi kwenye kiti.

Wanaofaulu mara nyingi hulia wanapoketi mara ya kwanza. Ndugu hudhani ni maumivu. Mgonjwa mmoja, fundi seremala, alipoweza kunena aliniambia kwamba kwa siku zile zote alidhani amekatwa miguu, kwa sababu hakuihisi wala hakuiona chini ya shuka. Alipoketi akaiona.

Mwingine sitamsahau. Mama wa watoto wanne aliletwa kwetu kutoka hospitali nyingine, wiki mbili na siku mbili baada ya upasuaji wa uzazi ulioingiwa na vijidudu. Kule walimtibu vizuri kwa dawa, na uhai wake waliuokoa wao. Hilo sharti niliseme. Lakini kwa siku zote 16 alikuwa amelala chali, mikono imefungwa kitandani kwa bandeji ili asing'oe mipira. Alipofika kwetu hakuweza kuinua kichwa kutoka mtoni. Nyayo zilikuwa zimekakamaa zikielekea chini, kama za mtu anayechungulia dirisha la juu. Alikaa nasi wiki saba, wiki ambazo nyingi hazikuwa za ugonjwa ule bali za kujifunza upya kuketi. Mumewe aliuza ng'ombe wawili na kiwanja. Mtoto mchanga alilelewa na bibi yake kwa maziwa ya kununua. Yule mama alitoka kwa miguu yake akishikilia fimbo, lakini alipopewa mtoto pale mlangoni hakuweza kumbeba.

Nasema hayo kwa wenzangu pia na kwa wanaotusimamia. Ni kweli muuguzi mmoja aliyeachiwa wagonjwa mahututi watano usiku hawezi kumketisha hata mmoja, na mwenye hofu atazidisha dawa ya usingizi ili alfajiri imkute kila mtu bado yuko kitandani. Simlaumu huyo, nawalaumu wanaopanga zamu. Lakini mchana tukiwa watatu, tukasema tunamngojea mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja Jumanne na Alhamisi, hapo hatuna udhuru. Ugonjwa haungojei Alhamisi. Na jambo dogo linaloniudhi kuliko mengine: kuna wodi zenye mashine za mamilioni lakini hazina kiti kimoja imara chenye mikono na mgongo mrefu cha kumkalisha mgonjwa. Tunatumia kile cha mezani pa muuguzi. Fundi wa mbao yeyote wa hapa parokiani angekitengeneza kwa siku moja.

Ninyi mnaouguza

Msaada wenu tunauhitaji kuliko mnavyodhani. Mgonjwa aliyechanganyikiwa humsikia mkewe kabla ya kumsikia nesi. Mwambieni ni siku gani, mvua imenyesha au la, nani amezaa, mbuzi wangapi. Leteni miwani yake kama huvaa, na kandambili zisizoteleza, na khanga au shuka ya kumsitiri anapoketi, maana watu wazima wengi hukataa kuinuliwa kwa aibu ya gauni la hospitali kuliko kwa maumivu. Muulizeni muuguzi, "Leo ameketi dakika ngapi?" Swali hilo mkiulizia kila siku, nasi tutaona haya kujibu kwamba hajaketi.

Mambo mawili nawaomba myaache. La kwanza, kumpa uji au maji kwa siri mgonjwa aliyetolewa mpira wa kooni. Koo lake limelegea. Uji unaweza kuingia mapafuni. Ngojeni tumjaribu kwanza kwa kijiko cha maji akiwa ameketi. Akisharuhusiwa kula, hapo leteni mayai, maharage, dagaa, samaki, maziwa, maana misuli haijengwi kwa uji mtupu na soda. La pili, kukanda. Najua bibi anakuja na chupa ya maji ya moto na mafuta akitaka kumkanda mjukuu miguu. Mguu mmoja ukiwa umevimba kuliko mwenzake, una joto na unauma nyuma ya ugoko, usikandwe kabisa. Huenda damu imeganda ndani, na kuukanda kunaweza kulibandua lile bonge. Mwite muuguzi.

Na akirudi nyumbani msimfungie chumba cha ndani. Watafiti wa Kanada waliwafuatilia watu waliopona ugonjwa mkali wa mapafu katika vyumba vya wagonjwa mahututi. Baada ya miaka 5 mapafu yao yalikuwa karibu kuwa ya kawaida, lakini kwa dakika 6 walitembea kama mita 436, yaani robo tatu tu ya umbali wa mtu wa umri wao. Basi mtu aliyetoka wiki iliyopita akichoka kwa kwenda mlangoni, msimwite mvivu, wala msimbebe. Mwacheni avae shati mwenyewe hata kama itachukua nusu saa. Mpeni kiti cha kawaida, ainuke na kuketi mara tano asubuhi na mara tano jioni, mtu akiwa karibu. Akisahau majina au akiota ndoto mbaya za hospitali, ni sehemu ya ugonjwa ule ule, aje kliniki aeleze.

Tatizo kubwa la nyumbani huwa ni choo. Choo cha kuchuchumaa humshinda mtu asiye na misuli ya mapaja. Ataingia asiweze kuinuka, na ndivyo wengi wanavyoanguka. Chukueni kiti cha mbao chenye miguu minne imara, kitobolewe katikati, kiwekwe juu ya tundu la choo, na ukutani pigilieni mti wa kushikilia usawa wa kiuno chake. Kabla ya kuruhusiwa, mleteni fundi wodini apime urefu wa mguu wa mgonjwa kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Kiti kizidi hapo kidogo, kama vidole vitatu, kwa sababu kiti cha chini ni kigumu kukiinukia.